Joto la Ukuta wa Kusini

Kila ilipofika saa kumi na moja na robo jioni, MaKhoza aliiacha cherehani yake, akabandika chai na kupanga vikombe vitatu: chake, cha mumewe, na cha Baba Ntuli, ambaye alikuwa amefariki tangu Juni ya mwaka uliopita. Cha Baba Ntuli kilitiwa sukari vijiko vinne. Kilikaa dirishani mpaka asubuhi bila kupungua wala kupoa, na asubuhi MaKhoza alikinywa mwenyewe, maana hakulelewa kumwaga chai.

Saa kumi na moja na nusu Baba Ntuli aliingia. Alivaa ovaroli yake ya buluu yenye mfuko uliochanika, akapangusa viatu mlangoni kama alivyozoea alipokuwa hai, kisha akaenda kuegemea ukuta wa kusini, kuanzia visigino mpaka kisogo, akafumba macho. Haukupita muda ukuta ukaanza kupata joto. Joto lilianzia hapo, fleti namba 407, likapanda mpaka orofa ya tisa na kushuka mpaka ya kwanza, na watu wakavua makoti.

"Mphemba," Shabangu, mume wa MaKhoza, alimsalimia kutoka kitandani kwa jina la sifa la ukoo wa kina Ntuli. "Umechelewa dakika mbili. Tulidhani umepata kazi kwingine."

Tangu afe Baba Ntuli alikuwa hasemi. Shabangu alidai kwamba hilo ndilo badiliko pekee aliloliona kwake, tena lilikuwa zuri.

Jengo lao liliitwa Tremona, na lilikuwa Berea, Johannesburg. Fremu za madirisha zilikuwa za chuma na zilikuwa zimelegea zote, hivyo upepo wa Juni ulipotoka kusini uliingia bila hodi na kukaa mpaka Agosti. Boila lililokuwa likipasha maji na vyumba lilikuwa limekufa miaka kumi na miwili nyuma. Baba Ntuli, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi na fundi wa jengo, kila Mei alimwandikia wakala wa mwenye jengo, Bwana Rademan, akiomba mabomba ya boila na pati ya kuzibia madirisha. Kila Mei Bwana Rademan alimjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Lilishughulikiwa miaka kumi na mmoja, mpaka mzee akafa.

Basi alipoanza kuja jioni na kuegemea ukuta, wapangaji walishukuru bila kuuliza maswali mengi. Hita zilizimwa. Umeme ukaacha kukatika kila watu watatu walipopika kwa pamoja. Mwalimu wa orofa ya sita aliacha kulala na soksi. Kila Jumapili watu walipanda hadi 407 na kuweka dirishani kopo la tumbaku ya kunusa, wakasema, "Asante, Baba," wakashuka. Waliamini kwamba mzee alichagua fleti ile kwa sababu ya chai ya MaKhoza, na MaKhoza hakuwakatalia.

Mwaka huo mkaguzi wa majengo, Bwana Tladi, alikuja na kamera inayoona joto. Aliielekeza ukutani akiwa uani, akaona wekundu mtupu, na katikati yake, orofa ya nne, umbo la mzee aliyeegemea. Akapanda kugonga mlango.

"Ni nani yule, Mama?"

"Baba Ntuli. Alikuwa msimamizi."

"Anakuwa kazini saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu mpaka alfajiri."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

Fomu yake iliuliza kuta zimezuiliwa baridi kwa kitu gani, ikataja sponji, mbao na pamba ya kioo. Mkaguzi akashuka mpaka kwenye "mengineyo" akaandika: mzee mmoja. Tremona ikapewa daraja la juu kuliko majengo yote ya mtaa ule. Bwana Rademan alikitia cheti kwenye fremu, akakitundika karibu na lifti isiyofanya kazi, na kwenye mkutano wa wapangaji akamshukuru mwenye jengo kwa kujali starehe ya watu wake. Watu walipiga makofi, kwa kuwa kweli walikuwa na joto.

Kati ya wapangaji, MaKhoza na mumewe tu ndio waliojua kwa nini mzee alirudi 407. Alikuwa amefia pale. Alhamisi moja ya Juni alikuja na kopo la pati aliyoinunua mwenyewe, kwa sababu alikisikia kifua cha Shabangu kikilia mpaka kwenye ngazi. Kifua kile kilijaa vumbi la mgodini, na baridi ilikiziba. Baba Ntuli alipanda kwenye kizingiti cha dirisha, akaziba pande tatu za fremu. Kabla ya upande wa nne alishika moyo, akaangukia ndani, chini ya ukuta wa kusini, na birika lilipochemka alikuwa ameshakata roho.

Bwana Rademan alifika na walinzi wawili kabla ya gari la wagonjwa. Alisema mfanyakazi akifia kazini huja watu wa kuuliza maswali, na maswali hufunga majengo, na majengo yakifungwa wapangaji hulala barabarani. Walimshusha mzee kwa ngazi, wakamlaza kwenye kitanda chake, katika chumba kisicho na dirisha chini ya jengo, kando ya boila. Karatasi ikaandikwa kwamba alifia usingizini. Jamaa zake walipokuja kumchukua waliletwa kwenye kitanda hicho, na hapo ndipo walipoiita roho yake iwafuate kaburini. MaKhoza alisimama koridoni na sahani ya biskuti mkononi, akayameza aliyoyajua.

Siku moja baada ya mazishi, saa kumi na moja na nusu, Baba Ntuli aliingia akipangusa viatu.

Mwanzoni MaKhoza alinyamaza kwa hofu ya kufukuzwa. Baadaye, aliposikia mumewe akipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu atoke mgodini, alinyamaza kwa raha, na raha hiyo ndiyo iliyomkosesha amani.

Jumamosi moja ya Julai, saa tisa mchana, alikuja binti wa marehemu, Zibuyile, akitoka Eshowe. Alikuwa na mkeka uliozungushiwa tawi la umlahlankosi, mti wa miiba ambao kwa tawi lake watu wake huichukua roho ya marehemu kutoka mahali alipofia na kuipeleka nyumbani. Alipita kwanza fleti za watu kuwashukuru kwa kumtunza baba yake. Kwa MaKhoza alifika karibu na saa kumi na moja, akakaa akapewa chai.

"Baba hajafika nyumbani, Gogo," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mwanamke mzee. "Mwaka mzima. Mama yake ana miaka themanini na minane, kila jioni anamtandikia mkeka, anauliza, 'Bhekisisa yuko wapi?' Tulichinja mbuzi. Hata ndotoni hakuja. Mganga anasema tulibeba tawi tupu."

"Tawi tupu," MaKhoza alirudia.

"Ni mimi nililibeba. Labda niliyataja majina ya ukoo vibaya, nilikuwa nalia. Leo nitamwita tena pale kitandani pake, polepole. Bibi anasema hafi mpaka amwone, na mimi naona amechoka kutokufa."

Alishukuru kwa chai akashuka. MaKhoza aliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

"MaKhoza," Shabangu aliita. "Binti wa watu anajilaumu bure."

"Na kifua chako je?"

"Kifua hiki nilikiharibia futi elfu sita chini ya ardhi. Ntuli hakuwepo."

"Kuna wiki tatu za Julai, na Agosti yote, Baba."

"Kwani kalenda umeinunua leo? Nenda bwana, kabla hajaondoka na fimbo ya kuni."

MaKhoza alipanga vikombe vitatu, akapiga moyo konde, akashuka. Alimkuta Zibuyile akitoka chini na tawi mikononi, macho chini, akilisemesha: "Baba, sasa tunapanda ngazi. Ni kumi na nne. Shika ukuta." Sasa hapo palikuwa na jambo zito, maana anayebeba umlahlankosi haruhusiwi kusema na mtu aliye hai mpaka afike nyumbani. Husema na marehemu peke yake.

MaKhoza akamzuia njia hivyo hivyo. Alimweleza yote akiwa ameshika chuma cha ngazi: pati, pande tatu, birika, walinzi wawili, kitanda. Alimweleza na jinsi alivyokaa na joto la baba yake akijua si lake. Kueleza makosa yako kwa mtu asiyeweza kukujibu ni kazi, hata kutukanwa ni nafuu. Alipomaliza alisema, "Nisamehe, mwanangu," akasogea pembeni.

Zibuyile hakumtazama. Alilitazama tawi.

"Baba," alisema, "popote ulipo, nimesikia kwamba ulianguka orofa ya nne na pati mkononi. Nimesikia kwamba walikubeba wakakulaza mahali ambapo hukulala. Nimesikia kwamba aliyeyajua haya alitupa biskuti mwaka jana, na leo akanipa chai." "Nimesikia pia kwamba ameshuka mwenyewe kuyasema. Baba, tunageuka. Tunapanda orofa ya nne."

Saa kumi na moja na nusu ilikuwa imepita, na Baba Ntuli alikuwa ameshaegemea. Zibuyile aliliweka tawi sakafuni mahali MaKhoza alipomwonyesha, akapiga magoti.

"Ntuli. Mphemba. Bhekisisa. Ni mimi Zibuyile. Ulifia hapa. Twende nyumbani, bibi ametandika mkeka."

Mzee akafumbua macho. Aliubandua mgongo ukutani, na rangi kidogo ikamfuata. Alipitisha kidole gumba kwenye upande wa nne wa fremu, ule ambao hakuuziba, akatikisa kichwa. Kisha akachukua kikombe chake dirishani akanywa chai yote, mpaka sukari ya chini.

"Nenda salama, Mphemba," Shabangu alisema. "Umenipa mwaka mzima ambao sikuutarajia, nami sina cha kukulipa. Waambie huko nakuja, ila wasinipangie zamu ya kwanza."

Koridoni wapangaji wote walikuwa wamesimama milangoni, na makoti wameshayavaa, maana habari huko hupanda ngazi mbio kuliko watu. Hakuna aliyemshika wala kumwomba abaki. "Asante, Baba," walisema mmoja mmoja, orofa baada ya orofa, na wanawake wakapiga vigelegele. Kwenye mlango wa nje Bwana Rademan aliwapisha, akamwambia MaKhoza kwamba cheti ni halali mpaka Juni, na kwamba karatasi ya kifo ilishapigwa mhuri, haibadiliki.

Zibuyile alikata tiketi mbili za basi. Walipovuka Thukela alimwambia baba yake kwamba wanavuka mto. Wiki iliyofuata alipiga simu: bibi alikuwa akimenya maboga, akainua uso na kusema, "Mpisheni, amefika," akafa siku ya nne, amefurahi. Zibuyile alimshukuru MaKhoza kwa dhati, na MaKhoza akalia kwenye simu bila aibu.

Baridi ilikuwa imerudi Tremona jioni ile ile mzee alipoondoka. Kopo la pati lilikuwa limekauka likawa jiwe, basi MaKhoza aliuziba upande wa nne kwa vipande vya vitambaa vyekundu, masalio ya sare za akina mama wa kanisa alizokuwa akishona. Alimwandikia Bwana Rademan, na suala lake likaanza kushughulikiwa. Tarehe tisa Agosti, saa nane mchana, Shabangu alisema chai ya leo imekolea, akafariki.

Mtoto wao wa kiume alikuja kutoka Barberton na tawi, akaelezwa mahali sahihi, kitanda kile kile, upande wa ukutani. Alimwita baba yake kwa majina yote. Shabangu aliinuka, akatazama dirisha, akatazama mkewe aliyejifunga blanketi, akaenda kuegemea ukuta wa kusini.

"Mwache," MaKhoza alisema. "Hajamaliza Agosti."

Septemba mtoto alirudi na tawi, na Shabangu akaondoka naye bila ubishi. Mei, baridi ilipoanza, alirejea mwenyewe na begi lake la zamani, kama alivyofanya miaka thelathini ya mgodini, kwenda nyumbani na kurudi kazini. Hakuna aliyeona ajabu. Wapangaji walileta tumbaku. Mwalimu wa orofa ya sita alivua soksi.

Juni, Bwana Tladi alikuja na kamera yake. Aliangalia akiwa uani, akapanda.

"Ni yule yule wa mwaka jana, Mama?"

"Hapana. Huyu ni wangu."

Mkaguzi alivua kofia. Alisikiliza kidogo, kisha kwenye "mengineyo" akaandika: mzee mmoja, anakohoa. Daraja halikushuka. Bwana Rademan alibadilisha cheti kwenye fremu, na kwenye mkutano akamshukuru tena mwenye jengo.

Jioni hiyo MaKhoza aliiacha cherehani saa kumi na moja na robo, akapanga vikombe viwili. Saa kumi na moja na nusu aliuwekea ukuta kiganja. "Asante, Baba," alisema, na alimaanisha kwa moyo wake wote. Ukuta ukakohoa taratibu, kutoka orofa ya kwanza mpaka ya tisa, na watu wakavua makoti.