Mahali Wanapopishana Obwocha na Ogari

...na kama humu kichwani kuna mtu anayesikiliza basi anisamehe, habari hii naisimulia vibaya, nimeanza kuishika mkiani, lakini nani awezaye kupanga maneno hapa niliposimamishwa, maana mzee wetu, omogaka Ratemo, ameniuliza mbele ya baraza zima la wazee wa Birongo, "Ombui, wewe ndiye esigani, ndiye uliyebeba maneno ya posa kutoka nyumba hii mpaka ile, tuambie, hawa watu wawili wanapishana wapi hasa?", swali dogo kabisa, swali la mtoto wa shule, tafuta kitu kimoja ambacho huyu anasema ndiyo na yule anasema siyo, weka kidole, kaa chini, basi, lakini kidole changu hakioni pa kutua, na watu nyuma wameanza kutabasamu, wakimwona Ombui amesimama wanadhani mchezo umeanza, cheka, mama, cheka, hujui kwamba nikikosea nimeua mtu, kwa sababu jambo nitakalolitaja ndilo watakalokula emuma juu yake, kiapo kile ambacho mwongo akikila wanaanza kufa ng'ombe wake, wanafuata watoto, naye mwenyewe anawekwa wa mwisho ili awazike wote, na nikinyamaza pia vibaya, Ogari amekuja na fimbo na mdogo wake kumchukua binti yake leo hii, yule pale Nyanchama, ameinamia ukuta, analia bila sauti, na mume wake Makori anamtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua na maji yako bondeni... haya, Ombui, polepole, tafuta, yule mtamba mwekundu wa mahari alifika kwa Ogari? Obwocha, baba wa Makori, anasema alifika, Ogari anasema alifika, hapo hawapishani, ni mnene? wote wanasema mnene, amezaa? wote wanasema hajazaa, hana hata dalili, Nyanchama ni mke mwema? Obwocha anamsifu kuliko binti zake mwenyewe, Ogari naye anamsifu, sasa ugomvi uko wapi, Mungu wangu, watu wanakubaliana kila kitu na bado wanataka kuuana, "Niliambiwa iko na mimba!" Ogari anapiga fimbo chini, "mimi nimengojea hiyo ng'ombe izae mpaka nimechoka!", na Obwocha, mdomo wake haujawahi kulala, "Hata wewe uko na tumbo, Ogari, mbona hatujakuuliza utazaa lini?", watu wanaangua kicheko, na mimi, aibu yangu, nami nataka kucheka, ni mzaha mzuri, ungekuwa wangu ningeungoja kidogo kabla ya neno la mwisho, ndivyo tulivyofundishwa vitani kule Bama katika kikundi cha michezo cha jeshi, mimi nikiigiza mke wa sajini na mito miwili kifuani, mabomu yakilia ng'ambo ya mto, na sikuogopa hivi, wallahi sikuogopa hivi... "Nyamazeni," anasema Ratemo, "Obwocha, uliahidi mtamba mwenye mimba?", "Omogaka, sikuahidi, hiyo neno haijatoka kwa mdomo yangu, niko tayari kula emuma sasa hivi", haya, hilo hapo! Obwocha anasema sikuahidi, Ogari anasema niliahidiwa, siyo na ndiyo, weka kidole, Ombui, umepona, fungua mdomo useme... lakini mdomo haufunguki, kwa nini haufunguki, kwa sababu ya nyuso zao, mimi nimeishi kwa uso wa uongo, najua mwongo akibanwa hutazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine, na hawa hakuna anayetazama mikono, Ogari ni Msabato, hata kahawa haigusi, na bado anasema leteni hiyo emuma niile, hana jasho, Obwocha hana jasho, katika baraza lote hili mwenye jasho ni mmoja, na kama wote wawili wanasema kweli basi ndiyo ya huyu na siyo ya yule si juu ya kitu kimoja, rudia, polepole, mmoja anasema habari ya kilichotoka mdomoni mwake, mwenzake anasema habari ya kilichoingia sikioni mwake, na kati ya mdomo ule na sikio hili kuna vilima, kuna mto, kuna njia ya migombani, kwa maana baba wa kijana na baba wa msichana hawasemezani mambo ya ng'ombe uso kwa uso, ni aibu, neno hupewa mtu alibebe, na mtu huyo... ngoja, ngoja, siku ile nyumbani kwa Ogari, wanawake wamejaa mlangoni, uji wa wimbi unazunguka, Ogari ananiuliza, "Na yule mwekundu yukoje?", jibu lilikuwa neno moja tu, mnene, Obwocha alinipa neno moja tu, lakini wanawake walikuwa wakinitazama, na mimi nikiona macho yananingoja siwezi kujizuia, nikainuka, nikashika kiuno, nikatembea kama mama aliyekaribia kujifungua, "Mzee, yule tumbo linaingia zizini, pembe zinafika kesho!", wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji, wakaniambia rudia, nikarudia, na Ogari peke yake hakucheka, alikuwa ametulia, akitabasamu mbali, nikafikiri hajui mzaha, kumbe moyoni tayari alikuwa anakamua maziwa... "Ombui," anasema Ratemo, "tunakungoja", ndiyo, omogaka, wakila emuma hawa wawili haitamgusa yeyote, itawapita, itashuka kwa miguu kulitafuta neno lililoongezeka njiani, na kwangu kuna Bochaberi anayekohoa tangu juzi, mwanangu, mwanangu wa pekee, na wazee hawa wenye vichwa vyeupe bado wananitazama wakitafuta mahali wanapopishana Obwocha na Ogari, nami nawasaidia, nachungulia huku, nachungulia kule, kumbe mahali penyewe ni hapa, pana miguu miwili, pana masharubu, na pamejikojolea kidogo.