Kioo Kilichonyimwa

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na miguu yake inaisha nguvu kidogo kidogo kwa sababu mwili wake hautengenezi kimeng'enya kimoja. Kimoja tu. Watu wengine wanacho na wala hawajui kama wanacho, jambo ambalo siku nikiamka vibaya hunitia hasira na dunia nzima. Ndiyo maana nikaishia kwenye maabara inayoshughulika na kimeng'enya hicho hicho.

Safari hii tulikuwa tumewatia panya jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha binadamu ndani ya maini yao. Kikionekana kwa panya, huenda siku moja ikawezekana kwa mtu. Cha kukionea tulikuwa nacho: kingamwili safi, zote uzao wa seli moja, zisizotambua kitu kingine ila kimeng'enya hicho. Unazidondosha juu ya kipande chembamba cha ini kilichobandikwa kwenye kioo, nazo zinang'ang'ania kinachozihusu. Halafu unaongeza kingamwili za pili, zenye rangi, ambazo kazi yake ni kuzikamata zile za kwanza. Palipo na hudhurungi, ndipo penye kimeng'enya. Miaka yote tulizitumia kwenye seli za binadamu na hazikutuangusha.

Nilipoinama kwenye hadubini, ini lote lilikuwa hudhurungi. Nilipiga simu nyumbani hapo hapo, koti la kazi likiwa bado mwilini. Nilimwambia mama, na kumwambia mama ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Kabla jua halijazama shangazi alikuwa keshanitumia pongezi, na binamu ambaye tulikuwa hatusemezani tangu ugomvi wa godoro akaniita daktari wetu.

Mkuu wetu wa maabara tunamwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hata chai huikoroga kana kwamba inaweza kuvunjika. Alitazama, kisha akauliza kioo kilichonyimwa kiko wapi. Hicho ni kioo unachokinyima kingamwili za kwanza ukakipa za pili peke yake. Kinatakiwa kibaki bila rangi, maana za pili zinakuwa hazina cha kukamata. Nilimjibu kwa mkato kwamba kwenye seli hakijawahi kushika rangi, kwa hiyo sikuona haja ya kukitengeneza. Akasema hizi si seli za binadamu, hili ni ini la panya. Nilitoka pale nimevimba, nikakitengeneza ili nimfunge mdomo.

Kilitoka hudhurungi vile vile.

Nikakaa chini, na mambo yote yakanijia kwa mkupuo. Kingamwili zetu za kwanza zilitokana na panya, na zile za pili hukamata kingamwili yoyote ya panya, haidhuru imetoka wapi. Kwenye seli za binadamu hazikuwa na pa kukosea. Lakini ini la panya lina damu, na damu hiyo ina kingamwili zake. Rangi niliyoishangilia ilikuwa imezishika hizo.

Bwana Taratibu hakunisimanga. Alisema tubandike rangi moja kwa moja kwenye kingamwili za kwanza, za pili tuachane nazo. Tukafanya hivyo. Seli za binadamu zilishika rangi vizuri, kwa hiyo kingamwili zilikuwa zinafanya kazi. Maini hayakushika hata tone, si ya panya waliotiwa maelekezo, si ya wale ambao hawakutiwa. Nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuosha vyombo.

Hilo halikuwa jambo la kusema kwenye simu, kwa hiyo mwisho wa wiki nikaenda nyumbani. Mdogo wangu hushonea chumba cha mbele, cherehani ikiwa dirishani na pasi juu ya meza ya kukatia. Aliponiona alisimama. Bila fimbo. Akashika ukingo wa meza kwa vidole tu, akanijia hatua kwa hatua, anacheka, na mama nyuma yake kanyoosha mikono kama anayemfundisha mtoto kutembea. Kumbe tangu ile simu alikuwa akifanya mazoezi kila siku, ili tiba ikija iikute miguu iko tayari.

Nilitamani kunyamaza. Kwa kweli nilitamani sana. Nani angedhurika akiendelea kufurahi mwezi mmoja zaidi? Nikamkalisha, nikamweleza yote: kingamwili, damu ya panya, kioo nilichoona hakina haja. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

"Kwa hiyo kimeng'enya hakipo," akasema.

"Kwa panya hawa hakipo. Nilishangilia mapema. Nisamehe."

Mama akageukia ukutani. Mdogo wangu akaniomba nimletee fimbo yake, iko nyuma ya kabati. Nikaitoa, imeshashika vumbi, nikaifuta kwa kanga yangu nikampa. Akaiegemea, akarudi kwenye cherehani, akatunga uzi kwenye sindano.

"Jumatatu unarudi kazini?"

"Narudi."

"Basi, dada, uanze na kile kilichonyimwa," akasema. "Mimi nitasubiri."