Jozi ya Kijani

Jumatatu, katika kikao cha mahakama kilichoendeshwa kwa mtandao, shahidi alisema, "Aliyeingia dukani si yeye." Nilikuwa natafsiri kutoka nyumbani, chumba cha nyuma. Nilichosikia ni "Aliyeingia dukani yeye," na nikatafsiri nilichosikia. Wakili wa mshtakiwa alinisimamisha. Rekodi ya ukumbini ilipochezwa, silabi "si" ilikuwepo. Kwangu haikufika.

Jioni karani wa mahakama alinipigia simu. Hakufoka. Alisema Alhamisi saa nane mchana watapima mtandao wangu, na ukishindwa, jina langu litatoka kwenye orodha ya wakalimani. Nimekuwa kwenye orodha hiyo miaka kumi na mmoja.

Nilimwandikia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye kazi yake ni mitandao ya maofisini: "Wifi, sauti inakatika."

Akajibu: "Wifi ndiye mimi, na sijawahi kukatika. Unatumia hewa au waya?"

"Waya."

"Nakuja Alhamisi asubuhi. Usiguse kitu."

Alifika saa nne na mkoba wa vifaa, akakaa kwenye kiti changu bila kuniomba. Alianza na kompyuta. Sauti, alinieleza, husafiri imekatwa vipande vidogo, pakiti. Akaamuru kompyuta itume pakiti mia kwa ruta iliyoko sebuleni, kisanduku kinachogawa mtandao, na kuhesabu zinazorudi. Zilirudi tisini na moja.

"Tisa zimeliwa njiani. Ile 'si' yako ilikuwa mojawapo."

Akabeba kompyuta hadi sebuleni, akaiunganisha na ruta kwa waya mfupi aliokuja nao. Zilirudi mia. Akahamia tundu jingine la ruta. Mia tena.

"Basi kampuni ya mtandao isisingiziwe bure. Ruta ni nzima, kompyuta ni nzima. Kilichobaki ni waya wa ukutani. Nani aliufunga?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Ni fundi umeme wa majumba, na waya ule aliupitisha mwenyewe tulipohamisha meza yangu. "Mimi," alisema. "Na niliupima, dada."

"Tuupime tena."

Alichomeka kipima waya pande zote mbili. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, ya kwanza hadi ya nane, bila kuruka.

"Taa nane," mume wangu alisema. "Ulitaka ngapi, kumi?"

Wifi aliishika plagi, ambayo ni ya plastiki angavu, akaisogeza dirishani na kusoma rangi za nyuzi zilizomo ndani. Akacheka.

"Kaka, nani alikufundisha kupanga hivi?"

"Nani anifundishe? Rangi zinaonekana. Kila mmoja na mwenzake. Chungwa na chungwa, kijani na kijani, bluu na bluu, kahawia na kahawia. Pande zote mbili sawa."

"Umewaoza vizuri sana, ila umewapangia vyumba vibaya. Nyuzi hizi husokotwa mbili mbili ili kelele isiingie. Uzi wa tatu na wa sita hufanya kazi pamoja, kwa hiyo lazima watoke kwenye msokoto mmoja. Jozi ya kijani ndiyo hutenganishwa, bluu wakakaa katikati yao. Kwako wa tatu ni kijani, wa sita ni bluu. Kila mmoja amesokotwa na mwingine, wanadaka kelele za majirani."

"Umeme ukifika umefika."

"Wa taa, ndiyo. Kipima hiki nacho kinajua hilo tu: umefika au haukufika."

"Nipe koleo," mume wangu alisema. "Plagi hizi nitazikata mwenyewe."

Alizikata na kufunga mpya, wifi akimtajia mpangilio mpya uzi kwa uzi. Saa sita na nusu kompyuta ilituma pakiti elfu moja. Zilirudi elfu moja.

"Waya huu ulifungwa lini?" wifi aliuliza, akikunja vifaa vyake.

"Tarehe tatu," mume wangu alisema.

Nilifungua shajara. Kati ya tarehe tatu na Jumatatu nilikuwa nimetafsiri vikao saba. Niliwaambia.

"Hakuna aliyelalamika," mume wangu alisema.

"Asiyeijua lugha angelalamikia nini?" nilisema.

"Karani hajakuuliza. Unataka kujichongea?"

Wifi alinyanyua mkoba wake. "Hapo mimi simo," alisema, lakini hakuondoka.

Saa nane karani alipiga. Alinisomea orodha ya sentensi, nikazitafsiri. Ilichukua dakika ishirini.

"Uko sawa," alisema. "Jina linabaki. Tumemaliza."

"Bado," nilisema. Nilimweleza kuhusu waya, na kwamba rekodi za vikao saba zinapaswa kusikilizwa upya na mkalimani mwingine.

"Unaelewa kwamba hili nitaliandika kwenye faili lako?"

"Naelewa."

Nilimsikia akifungua ukurasa mpya.

"Nitajie tarehe," alisema. Nikaanza na ya kwanza.