Kilo Kumi na Mbili za Bonge

Daktari alisema figo za Bonge ni nzima na zinafaa. Kilichobaki ni uzito. Kabla ya kupasuliwa ili atoe figo moja ampe mkewe, ilibidi apungue kilo kumi na mbili, kutoka mia moja na nne hadi tisini na mbili.

Bonge alikuwa mwoka mikate. Tangu ujana wake alikula kwa macho, kwa pua na kwa kuonja, na hakuna aliyemlaumu, maana mwoka mikate mwembamba nani atamwamini? Mkewe alifundisha hesabu darasa la saba mpaka figo zilipomwangusha. Sasa alikwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Nyumbani kila mtu alimwita Mwalimu, mumewe akiwa wa kwanza.

Siku hiyohiyo Mwalimu aliketi mezani na daftari. Muuguzi alikuwa amempa kanuni, naye hakuwa mtu wa kupewa kanuni akailaza.

"Uzito mara kumi," alisema. "Urefu wako ni sentimita mia na sabini, mara sita na robo. Jumlisha. Toa miaka arobaini na sita mara tano. Ongeza tano."

"Hiyo tano ya mwisho ya nini?"

"Ya uanaume wako. Tulia."

Jibu likaja elfu moja mia nane sabini na saba na nusu: kalori ambazo mwili wa Bonge ungetumia hata akilala kutwa. Kwa kuwa alisimama mbele ya tanuri siku nzima, Mwalimu alizidisha kwa moja nukta nne, kisha akatoa mia tano ili apungue polepole. Akaacha ishirini na nane za juu, akaandika elfu mbili na mia moja, akapiga mstari chini yake.

"Nusu kilo kwa wiki," alisema. "Wiki ishirini na nne."

Bonge aliitikia kwa kichwa. Wiki ishirini na nne, mara tatu kwa wiki kwenye mashine ile. Hilo alilihesabu kimoyomoyo.

Kila asubuhi Mwalimu alimfungia chakula: mayai mawili, maharage, mboga, vipande vya mkate alivyovipima kwa mizani ya jikoni. Kila Jumamosi alimpima. Wiki ya tatu mizani ikasema tisini na tisa. Bonge alitabasamu. Mwalimu hakutabasamu. Hesabu yake ilidai kilo moja na nusu, na hapa zilikuwa zimekwenda tano.

"Unakula chakula chote?"

"Nakula, Mwalimu."

Jumanne iliyofuata kaka yake Mwalimu, aliyekuwa akikanda unga pale kwenye duka la mikate, alimleta Bonge nyumbani amemshika kiunoni. Mkono wa Bonge ulikuwa umefungwa bandeji.

"Shemeji kaanguka mbele ya tanuri," alisema. "Mkono umegusa chuma. Na wewe dada nikwambie ukweli, chakula unachomfungia nakila mimi. Aliniambia ameshiba. Nimenenepa mpaka suruali hainiingii."

Alipoondoka, Mwalimu alikaa kitandani kando ya mumewe. Alikuwa na hasira, lakini sauti yake ilitoka ndogo.

"Sikukuomba figo. Ulinipa mwenyewe, nami nikapokea. Sasa unataka kunipa na roho? Daktari anataka mtu mwenye nguvu zake. Ukijidhoofisha atakukataa, na mimi nitabaki na mashine bila mume."

Bonge alitazama bandeji yake. "Miezi sita ni mingi. Nikikuona unarudi kutoka kule, rangi imekutoka, kijiko kinanishinda kukiinua. Nakulaje, na wewe unapimiwa maji kwa kikombe?"

Hapo Mwalimu alielewa. Tangu augue, alikuwa akila peke yake chumbani, ili masharti yake ya chakula yasimkere mtu. Alidhani anampunguzia mzigo, kumbe alimwacha mumewe peke yake mezani.

Alisimama, akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya. Alianza na tisini na tisa. Jibu lilikuwa elfu mbili na hamsini na nane. Akaandika elfu mbili na mia moja.

"Umekosea," Bonge alisema.

"Sijakosea. Hizo arobaini na mbili za juu ni zangu, utanilia. Na kuanzia leo tunakula meza moja."

Walikula meza moja. Siku nyingine Mwalimu alimeza vijiko vitatu tu, na Bonge alimaliza sahani yake huku wakiongea habari za wateja. Uzito ulishuka kwa mwendo wa kinyonga, wiki nyingine haukushuka kabisa. Mwalimu alikokotoa upya, akapunguza kidogo, akasema mwili mdogo hula kidogo, asikate tamaa. Mwezi wa tano Bonge alifika tisini na mbili.

Walipasuliwa asubuhi moja, katika vyumba vinavyopakana. Kesho yake alasiri Bonge alitembea amejikunja, mkono kwenye mshono, hadi kitanda cha mkewe. Daktari alikuwa ametoka kumwambia figo imeanza kazi.

"Inafanya kazi kama mwenyewe," Mwalimu alisema. "Haina maneno."

Bonge alikaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa godoro. Muuguzi alipokuja kumrudisha chumbani kwake, Mwalimu alimnyooshea kiganja amsubiri kidogo. Mumewe alikuwa amelala.