Nukta ya Katikati

Mkurugenzi wa kiwanda cha kadibodi alipofungua kopo la biskuti mara ya pili na kumsogezea, Frouke Dijkhuis alijua kuna jambo. Nchini kwao kahawa huja na biskuti moja, kisha kopo hufungwa. Anayelifungua tena ama amekwisha kuwa ndugu yako ama ana haja, na bwana huyu hakuwa ndugu wa Frouke hata wa kuazima.

Walikuwa ofisini kwa Profesa ten Cate, bosi wake pale chuoni. Mezani palitandazwa mchoro ambao Frouke aliutoa kwenye hesabu za kompyuta: kila nukta mfanyakazi mmoja wa kiwanda, kila mstari jibu la swali moja, ukipatwa na shida humwendea nani. Mwaka ule wa 1974 programu ya kazi hiyo haikuuzwa dukani. Frouke aliiandika mwenyewe kwa majira mawili ya baridi, akitoboa matundu kwenye kadi baada ya kadi, huku wanaume wa chumba cha mashine wakimuuliza kama anafuma sweta. Aliwaacha waulize. Wangefuma wao, sweta ingetoka na mikono mitatu.

Katikati ya mchoro palikuwa na nukta iliyofikiwa na mistari kutoka kila upande.

"Huyu ni nani?" mkurugenzi aliuliza, akiigonga kwa kidole.

Profesa alieleza kwa upole wa mtu anayempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kiwanda kingepunguza watu karibuni, mgomo ulikuwa unanukia, na mkurugenzi alitaka wa katikati awe wa kwanza kutoka, ili wengine wakose pa kukutania. Isitoshe, kiwanda ndicho kilichogharamia utafiti, na mkono mtupu haulambwi.

Frouke alijibu kwamba kompyuta haina majina. Programu yake, kabla ya kuhesabu chochote, huwachanganya watu kama karata, humpa kila mmoja namba mpya na kuifuta ya zamani. Fomu zenyewe alizichoma kwenye jiko la makaa la mama yake, kama alivyoahidi. Haya yote alikwisha kumweleza profesa, naye akaitikia kwa kichwa huku akitafuta miwani yake.

Ahadi hiyo haikutoka bure. Serikali ilipohesabu watu miaka mitatu nyuma, mama yake Frouke alimfungulia karani mlango na kumwambia kwamba yeye mwenyewe hayupo nyumbani. Karani alipombishia, mama alimwambia, "Mara ya mwisho tulipojiandikisha vizuri, Wajerumani walitushukuru sana." Kisha akafunga mlango. Pale mtaani palikuwa na nyumba ambazo wenyewe walichukuliwa wakati wa vita kwa sababu kadi zao za usajili zilikuwa zimepangwa sawasawa ofisini, na hawakurudi. Watu wa kiwanda walikuwa na kumbukumbu hizo hizo. Walimfungulia Frouke vinywa kwa sababu aliwaapia, jikoni kwao, kwamba hakuna atakayeyaona majina.

Profesa hakuwa mjinga. Aliutazama mchoro, akamtazama msichana.

"Mashine imesahau, sawa. Lakini wewe ndiye uliyeingia nyumba zao zote. Wewe unamjua huyu."

Frouke angeweza kusema hamjui. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari ulimini, na lingemwokoa. Lakini alishikwa na hasira, hasira safi iliyompandisha joto mpaka masikioni, kwamba adanganye kwa woga mbele ya watu waliopaswa kuona haya wao.

"Namjua," alisema. "Ila sikwambii."

"Frouke, jina lako litakuwa kwenye jalada la programu. La kwanza, juu ya langu."

"Andika lako peke yako, Profesa. Na wewe, Bwana Mkurugenzi, ukitaka kujua watu wako humwendea nani wakiwa na shida, jiulize kwa nini hawaji kwako."

Mkurugenzi alifunga kopo la biskuti. Profesa alimwambia Frouke arudishe ufunguo wa chumba cha mashine kabla ya jioni, naye akautoa mfukoni pale pale, akauweka juu ya ile nukta.

Alipofika nje mvua ilimkuta, na ushujaa ukamtoka. Hakuwa na kazi. Programu aliyoizaa ingelelewa na wengine, ikitembea kwa jina la mtu mwingine. Alilia juu ya baiskeli bila kujificha, akaipita njia ya kwenda kwao bila kukata kona, akafuata mfereji hadi kijiji cha kiwanda. Hapo akagonga mlango wa nyuma wa Geesje Wubs, mjane aliyefunga mabunda ya kadibodi tangu ujana wake.

Jikoni mlishajaa watu waliokuja na shida zao, makoti yakichuruzika. Geesje alimtazama mara moja tu.

"Wamekufukuza, mwanangu?"

"Wamenifukuza, mama."

"Kwa ajili yetu?"

Frouke aliitikia kwa kichwa. Geesje aliwaambia wanaume wawili wasogee, akamvutia kiti katikati yao, akammiminia kahawa. Kopo la biskuti lilikuwa mezani, na kifuniko chake hakikuonekana popote.