Kiambaza Kilichohama

Paa la kanisa la Hathercombe lilivuja mahali pamoja tu, na hapo palikuwa juu ya kaburi la Hawise. Angevujiwa mtu mwingine yeyote, Gervase asingeinua hata kidole. Lakini Hawise alikuwa mkewe, na maisha yake yote alikuwa adui wa unyevu. Kila baridi alikohoa, na kila alipokohoa alimsema mumewe kwa kila tundu la nyumba. Siku ya kufa hakutaja mbingu wala watakatifu. Alimshika Gervase mkono, akamwambia, "Usinilaze penye maji."

Gervase akamlaza ndani ya kanisa, chini ya jiwe, akajiwekea nafasi yake ubavuni. Baridi iliyofuata, tone la kwanza likaanguka.

Desturi ya mahali pale haikuwa na utata. Ukumbi, wanakosimama watu, paa lake ni la wanakijiji kulitengeneza. Upande wa madhabahu, paa lake ni la padri. Kwa kuwa kanisa lao halikujengewa tao la mawe katikati, mpaka ulikuwa kiambaza cha mbao, kilichochongwa mizabibu na kupakwa rangi za watakatifu, msalaba mkubwa umesimama juu yake. Hawise alilala upande wa watu, hatua chache kabla ya mpaka.

Gervase alikuwa mzee wa kanisa, mwenye funguo na sauti. Akalileta jambo lile mbele ya wenzake siku ya bia ya kanisa, bia inayouzwa kulichangia kanisa, watu walipokuwa wameshalainika.

"Mzee Gervase, marehemu si ana jiwe juu yake?" alisema Mabel, mke wa mwenye kinu. "Sisi wengine tunavujiwa kitandani, na bado tunakohoa. Yeye kaacha."

Watu wakacheka mpaka bia ikawapalia. Gervase naye akacheka, maana mzee wa kanisa hanuni hadharani, akaenda zake nyumbani na uchungu wake.

Padri Fulk ndiye aliyekuwa na uwezo. Aliishi Exeter, penye mvinyo na watu wa maana, akaonekana Hathercombe wakati wa zaka tu, pale mashamba yanapokuwa na kitu; misa za Jumapili alimwachia msaidizi. Kumwomba atengeneze paa la watu ilikuwa sawa na kumwomba mbweha alinde kuku. Basi Gervase akaona dawa: ikiwa paa haliwezi kwenda kwa padri, padri aletwe chini ya paa.

Rangi za watakatifu zilikuwa zimebanduka, kiambaza kikashushwa kipakwe upya. Siku ya kukisimamisha, Gervase akamwita fundi Hamo pembeni.

"Kilete huku, upande wa watu. Jiwe la Hawise libaki kule ndani."

"Watu wataona, mzee."

"Watu wa hapa? Wanaangalia mshumaa wa nani mnene kuliko wa jirani. Wewe pigilia."

Hamo akapigilia. Watu wakasifu rangi. Padri Fulk alipokuja kwa zaka, akatembea madhabahuni kwake huku na huku, akaona pana nafasi kuliko alivyokumbuka. Hakuuliza. Mtu hauliziulizi kinachomkuza.

Mwaka ule ule akaja mkaguzi wa askofu, na Padri Fulk akamtembeza kwa madaha. "Madhabahu yangu, bwana. Kuanzia kiambaza kile mpaka ukutani, yote yangu. Vijiji vingapi vina nafasi kama hii?"

Tone likamwangukia mkaguzi puani. Akatazama juu, akajipangusa.

"Hongera, Padri. Basi na hili nalo ni lako."

Gervase, aliyesimama nyuma na funguo zake, aliangalia viatu vyake kwa unyenyekevu mkubwa. Kabla ya baridi mafundi walikuja kutoka Exeter, wakafunika pale juu kwa mabamba mapya ya madini ya risasi, na mvua ikakoma kumfikia Hawise. Gervase alifurahi kama mtoto. Alikwenda kusimama juu ya jiwe lile kavu, akamwambia mkewe, "Umeona, mama?"

"Mzee Gervase," alisema Padri Fulk nyuma yake, aliyekuja kuikagua kazi, "wafanya nini madhabahuni?"

"Natazama nafasi yangu, Padri. Hapa ubavuni."

"Hapa wanazikwa mapadri. Watu wa kawaida, kule."

"Lakini Hawise yumo!"

"Hawise hakuzikwa madhabahuni." Padri alitabasamu, huenda alikuwa ameshapima kwa hatua. "Madhabahu ilimfuata. Wewe hutafuatwa. Ila ukipenda, kirudishe kiambaza, na risasi yangu nirudi nayo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Gervase alitazama paa, akatazama jiwe, machozi yakamlenga. Miaka yote ya ndoa walilala pamoja, hata usiku wa kugombana.

"Kiache," alisema.

Baadaye alimrudia Hamo na ombi dogo: tundu kwenye ubao wa chini wa kiambaza, kimo cha mtu aliyepiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tangu hapo kila Jumapili Gervase alipiga magoti pale kwa magoti yake mabovu, jicho tunduni, hakubanduka mpaka misa iishe. Mabel akaanza kumwonea haya. Padri Fulk mwenyewe, wakati wa zaka, akamfanya mfano mbele ya watu wote.

"Mwigeni mzee huyu," alisema. "Macho yake hayatoki madhabahuni."

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Gervase alisogeza jicho kidogo, apate kuona jiwe lote mpaka pembeni. Lilikuwa kavu.