Handeni Ikishika, Usiiachie

"Wazo hili lilinijia nikiwa peke yangu, natazama mvua dirishani," Isaka aliwaambia wageni, na ukumbi wa shule ya sekondari pale Korogwe ukalipuka kwa makofi.

Safu ya mwisho, Mashavu Mhina hakupiga. Mikono yake ilikaa mapajani, imekunjwa ngumi.

Isaka, mwalimu wa fizikia, alikuwa mpangaji wake. Alikuwa akisomea kompyuta za kwanta, mashine ambazo wataalamu wanatarajia zipige hesabu kwa kutumia chembe moja moja. Mashine moja, alimweleza Mashavu, haibebi chembe nyingi. Joto kidogo tu, zote zinavurugika. Dawa ni kuunganisha mashine ndogo nyingi kwa nuru, zifanye kazi kama moja. Lakini nuru ikienda mbali hupotea njiani, na nuru ya aina hii haiwezi kunakiliwa wala kuongezwa nguvu. Hapo alikwama miezi minne.

Mashavu ndiye aliyemkwamua, mchana mmoja, akichambua mchicha uani.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa opereta wa simu pale Korogwe, mpaka shirika likapunguza wafanyakazi na mtambo mpya ukachukua kazi yake. Enzi zake, mtu wa Handeni akitaka kuongea na Tanga alipitia kwake, na laini zilikuwa mbovu pande zote mbili.

"Ukingoja zitulie zote kwa pamoja utazeeka," alimwambia Isaka. "Handeni ikishika, usiiachie. Hangaika na Tanga peke yake, hata mara kumi. Ikishika nayo, ndipo unaziunga hapa katikati."

Isaka aliweka kikombe chini. "Rudia, mama. Polepole." Akaandika kila neno.

Sasa, ukumbini, profesa mgeni alikuwa anauliza, "Hiki kituo cha katikati, kinachoshikilia upande mmoja mpaka wa pili ushike, umekitoa wapi?"

"Ni tafakuri tu, Profesa."

"Mwongo!"

Vichwa viligeuka. Mashavu alikuwa amesimama.

"Mama, maswali ni ya wataalamu," alisema mwenye kuendesha mkutano.

"Mtaalamu ni mimi! Kazi yangu ilichukuliwa, nikaambiwa nishukuru. Nikanyamaza. Leo na akili yangu ichukuliwe, nami nimekaa hapa hapa natazama? Isaka, nani alikwambia usiiachie Handeni?"

Isaka alianza kukusanya karatasi zake. Mtu mmoja akamshika Mashavu kiwiko. Akakipokonya, akatoka mwenyewe.

Kabla ya alasiri Isaka alisimama mlangoni kwa Mashavu, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

Mashavu aliendelea kuchambua mchicha wake.

"Niliogopa. Nani angeamini kwamba nimefundishwa na mama wa simu?"

"Ungesema kwanza, tukaona."

Isaka akamnyooshea makala aliyokuwa anaipeleka kwenye jarida. Mwishoni alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu: *Namshukuru mwenye nyumba wangu.*

Mashavu aliusoma mara mbili.

"Shukrani ni za ugali," alisema. Akaifunua makala mpaka ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kando ya jina la Isaka. "Hapa. Mashavu Mhina, opereta wa simu, Korogwe."

"Watauliza huyu ni nani."

"Waniulize mimi."

Isaka alivuta kigoda, akaketi. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi kando ya jina lake, ikasimama kabla ya herufi ya kwanza, na doa la wino likaanza kupanuka taratibu.